Kabla ya Sindano ya Mwisho

Mwaka 2002 Ubelgiji ilitunga sheria mbili kuhusu kufa, moja ikifuata nyingine katika muda usiofika wiki tatu. Ya tarehe 28 Mei ilimwondolea hatia daktari anayekatisha uhai wa mgonjwa aliyeomba mwenyewe, kwa hiari na kwa kurudia, akiwa na akili timamu, ugonjwa usiotibika na mateso yasiyovumilika. Hiyo ndiyo eutanasia. Ya tarehe 14 Juni ilimpa kila mgonjwa haki ya tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na kumtunza mtu ambaye hataponywa tena. Ya kwanza ilivuma duniani kote. Ya pili haikupigiwa kelele. Ukiitazama habari hii kutoka Maniema, mkoa wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ya pili ndiyo nzito.

Kongo, iliyokuwa koloni la Ubelgiji hadi 1960, ilirithi kanuni ya adhabu iliyotangazwa kwa dekri ya tarehe 30 Januari 1940. Kwa kanuni hiyo, kumtoa mtu roho kwa kukusudia ni uuaji, na aliyepanga kabla ya kutenda hukumu yake ni kali zaidi. Daktari akisema mgonjwa ndiye aliyemwomba, ombi hilo halimwokoi.

Afrika nako suala hili limefika mahakamani. Mwaka 2015 Robin Stransham-Ford, mwanasheria wa Afrika Kusini aliyekuwa na kansa ya tezi dume, aliomba daktari aruhusiwe kumsaidia kufa. Mahakama Kuu ya Pretoria ilimkubalia tarehe 30 Aprili, lakini alikuwa amefariki saa chache kabla ya amri kutolewa. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaitengua.

Huko Tunda, misheni ya Wametodisti katika teritwari ya Kibombo, kusini mwa Kindu, mji mkuu wa Maniema, mambo huanzia mbali na mahakama. Kuna hospitali, na vijijini kuna vituo vya afya ambavyo mkuu wake ni muuguzi. Mgonjwa hupakiwa kwenye baiskeli au pikipiki, au hubebwa kwa machela. Katika mazingira kama hayo kansa hugunduliwa imeshakomaa, na kinachobaki mkononi mwa muuguzi ni vidonge vya parasetamoli.

Tofauti ya upatikanaji wa dawa za maumivu kati ya nchi maskini na nyingine imewahi kupimwa. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilikadiria kwamba kati ya tani 298.5 za dawa kali za maumivu za jamii ya mofini zilizokuwa zikisambazwa duniani kila mwaka, nchi maskini kabisa, Kongo ikiwemo, zilipata tani 0.1 tu.

Je, dini zinakataza dawa hizo? Hapana. Maniema ina Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu wengi, na wote hukutana katika jambo hili. Papa Pius XII alisema mwaka 1957 kwamba inafaa kumpa mgonjwa dawa ya maumivu hata kama huenda ikafupisha siku zake, maadamu nia si kumwua. Kanuni za Kiislamu za udaktari zilizoandikwa Kuwait mwaka 1981 zinapinga kuua kwa huruma, lakini hazimtaki daktari ang'ang'anie mashine pale ambapo uhai hauwezi kurudi. Wametodisti nao wanakataa eutanasia, na wanakubali mgonjwa akatae matibabu yanayorefusha tu safari ya kufa. Kumwua mtu, kuuacha ugonjwa ufike mwisho wake, na kumtuliza ni mambo matatu mbalimbali, ingawa kwenye mabishano huchanganywa.

Uganda imeonyesha jinsi ya kulishika hilo la tatu. Dokta Anne Merriman, Mwingereza aliyefariki mwaka 2025, alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala mwaka 1993. Unga wa mofini huchanganywa na maji na kutiwa rangi, ili nguvu ya kila chupa ijulikane kwa macho. Mgonjwa hunywa nyumbani kila baada ya saa nne. Dozi ya usiku huongezwa ili apate usingizi. Choo kikifunga, maana mofini hufunga tumbo, wauguzi huko wamewahi kutumia hata mbegu za papai zilizokaushwa.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 2004, Uganda iliporuhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini wenyewe. Madaktari walikuwa wachache mno, na maumivu hayangoji zamu ya daktari.

Mwaka 2014 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulizitaka nchi zote wanachama kuingiza tiba shufaa katika huduma za afya za msingi. Kwa Kongo, ngazi hiyo ndiyo kituo cha kijijini chenye muuguzi. Kinshasa inaweza kufuata sheria ya Ubelgiji ya Juni 2002 bila kuigusa ile ya Mei, kwa kuanza na chupa ya mofini, mafunzo ya miezi kadhaa na kibali cha muuguzi kuiandika.