Mtunga Programu Asome Nini?

Somo letu la leo latokana na swali ambalo wazazi wengi hujiuliza. Mtoto amemaliza kidato cha nne. Kiswahili na historia amefaulu vizuri, lakini hesabu amepata alama za kadiri tu. Naye anataka kazi ya kutunga programu za kompyuta. Je, mzazi auze ng'ombe amlipie karo, au fedha zitapotea bure?

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Kompyuta ni kama mtumishi mwepesi mno asiye na hata chembe ya busara. Hufuata amri neno kwa neno, na programu ndiyo orodha ya amri hizo. Mwambie karani wa chama cha ushirika: "Gawanya kilo za kahawa zilizoletwa leo kwa idadi ya wakulima walioleta, upate wastani." Siku asipokuja mkulima hata mmoja, karani ataweka kalamu chini akanywe chai. Kompyuta haitafanya hivyo. Itajaribu kugawanya kwa sifuri, na mara nyingi programu itakwama papo hapo. Mtunga programu hana budi kuifikiria siku hiyo kabla haijafika.

Sikilizeni mfano wa pili. Bawabu wa ukumbi ameambiwa: "Wasiolipa na wageni wasiingie." Atayazuia makundi yote mawili. Lakini ukiiandikia kompyuta "asiyelipa NA aliye mgeni", itamzuia yule tu mwenye mambo yote mawili. Mgeni aliyelipa atapita, na mwenyeji asiyelipa atapita pia! Hapo palitakiwa neno AU. Kosa hili si la kujumlisha wala kutoa. Ni la lugha na mantiki.

Sasa tuwaangalie watu walioifanya kazi hii. Grace Hopper wa Marekani, aliyeanza kutunga programu huko Harvard mwaka 1944, alikuwa na shahada ya udaktari ya hisabati. Lakini Mary Allen Wilkes, naye wa Marekani, alisomea falsafa. Alimaliza Wellesley College mwaka 1959, na mwaka uo huo akaajiriwa na maabara moja ya chuo cha MIT. Ndiye aliyetunga LAP6, programu ya kuendeshea kompyuta iliyoitwa LINC. Baadaye akawa mwanasheria. Falsafa ilimfaa kwa kuwa ndani yake mna mantiki, yaani elimu ya kupima kama jambo hili kweli lafuata lile. Mholanzi Edsger Dijkstra alitoka katika fizikia. Mwaka 1975 aliandika kwamba, mbali na kuwa na mwelekeo wa hisabati, kuimudu sana lugha yako mwenyewe ndiyo mali kubwa ya mtunga programu. Mimi nakubaliana naye.

Msidhani nadharau hesabu. Aljebra humzoeza mtu kuweka herufi mahali pa namba asiyoijua bado, na programu zimejaa mambo ya namna hiyo. Kadhalika, chuo cha kompyuta kina elimu isiyookotwa njiani. Tuseme mna daftari la majina 1,000,000 yaliyopangwa kwa alfabeti. Ukiyapitia moja moja waweza kuyasoma yote. Ukifungua katikati, ukaacha nusu isiyohusika, ukarudia vivyo hivyo, utalipata jina kwa hatua 20 hivi. Asiyefundishwa haya huenda akayajua siku mashine imeelemewa na watu wamepanga foleni.

Historia nayo si bure. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kutafuta kosa liko wapi, kwa ushahidi wala si kwa kubahatisha.

Basi mtoto yule asikatazwe. Arudie hesabu zake, maana vyuo vikuu vingi huzidai mlangoni. Lakini kabla ng'ombe hajauzwa, mpeni jaribio hili jioni ya leo. Aandike amri za kumtafuta mtu mrefu kuliko wote katika mstari, kwa ajili ya mtu awezaye kulinganisha watu wawili tu kwa wakati mmoja. Ndugu yake azifuate amri zile bila kuongeza akili yake. Zikikwama, mwandishi azisahihishe, waanze upya. Mtazameni uso wake anaposahihisha mara ya tano, kama bado ana hamu. Karatasi hizo zihifadhini. Tutazihitaji katika somo lijalo.