Mkonga ni Pua, Si Mtumbwi

Kila Novemba mawingu yanapoanza kujikusanya juu ya Singida, swali lilelile huingia gereji: "Fundi, nikifunga mkonga, gari itavuka maji ya kiasi gani?" Juzi aliyeniuliza alikuwa na Land Cruiser ya zaidi ya miaka ishirini ambayo habu za mbele hazifungi na giaboksi inavuja. Yeye anatafuta mkonga! Swali lenyewe ndilo bovu. Mkonga hauna kipimo cha maji. Ni pua: unahamisha mahali injini inapovutia hewa, kutoka ndani ya fenda hadi usawa wa paa. Kazi yake inaishia hapo.

Imani hii naijua ilikotoka. Hardtop ya Toyota tumeibatiza jina la mkonga kwa sababu ya bomba lile, na watu wameiona ikikata mbuga za Wembere na njia ya Itigi kwenda Rungwa miaka nenda rudi. Wakaamini kinachoivusha ni bomba. Katika mkoa huu, faida ya mkonga unayoipata kila siku ni vumbi: hewa ya juu ni safi kuliko ile inayotimuliwa na matairi.

Masika moja nililetewa gari la aina hiyo, injini ya 1HZ, likivutwa na trekta. Mwenyewe aliapa kwamba maji hayakufika hata kwenye kioo. Alisema kweli. Nilipofungua kopo la ea klina, filta ya karatasi ilikuwa imelowa na kulala kama andazi lililodumbukia kwenye chai, na chini yake tope laini. Maji hayakuingilia juu ya bomba. Yaliingilia kwenye maungio ya bomba na fenda, ambako aliyefunga alizungusha selotepu nyeusi, na yakaingilia chini ya kopo, ambako kile kimpira cha kutolea vumbi kilichanika zamani na hakuna aliyekirudishia. Kimpira cha ukubwa wa kidole gumba. Tulitoa nozeli zote tukapiga stata; silinda mbili zikarusha maji ya kahawia mpaka kwenye boneti. Konrodi moja ilikuwa imepinda, unaiona kwa macho.

Usishangae. 1HZ ina sentimita za ujazo 4,164 katika silinda sita, na hubana hewa takriban mara 22. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi iliyobaki ni kama mililita 32, yaani vijiko viwili vya chakula na tone. Hewa inabanika, maji hayabaniki. Vijiko vitatu vikiingia kwenye silinda moja huku injini inazunguka, lazima chuma kiachie. Ndiyo maana gari likizimikia majini hupigi stata, hata abiria wote wakupigie kelele.

Haya, tuseme mkonga umefungwa na fundi mwenye akili zake, kila kiungo kimeshika. Injini inapumua. Gari je? Chukua sakafu ya mita tatu na nusu kwa moja na nusu: kila sentimita 10 za maji zinazopanda juu yake zinanyanyua zaidi ya nusu tani, hadi maji yatakapopenya milangoni. Matairi yanakanyaga mchanga kwa unyonge, na mkondo unasukuma ubavu. Idara ya hali ya hewa ya Marekani imeonya miaka mingi kwamba sentimita 30 za maji yaendayo kasi huchukua gari dogo, na 60 huchukua hata magari makubwa ya aina yetu. Toyota wanaitajia Land Cruiser ya 70 sentimita 70. Land Rover waliitajia Defender ya zamani 50. Hayo ni magari mapya, sili zote nzima, na maji yaliyotulia. Lako lina umri gani?

Ukishaelewa hivyo, tengeneza yanayostahili. Pandisha mipira ya kupumulia ya difu na giaboksi hadi juu ndani ya boneti, kwa sababu difu lenye moto likizama kwenye maji baridi hunyonya maji kupitia sili. Badilisha sili za habu, paka grisi mpya. Land Rover ya 300Tdi ina plagi za kuziba chini ya nyumba ya klachi na ya mkanda wa taimingi: zifunge kabla ya maji, zitoe ukishavuka. Funga habu za mbele ukiwa nchi kavu. Funika grili kwa turubai. Tembea kwa miguu kwanza na fimbo, kama mkondo unaruhusu; usipoweza kusimama wewe, gari usiliingize. Foo-wili ya nguvu, gia ya pili, mwendo wa mtu anayetembea, na klachi usiikanyage. Ukivuka, kausha breki. Kesho yake angalia oili ya difu na giaboksi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage yote.

Makorongo mengi ya Singida ni makavu sehemu kubwa ya mwaka. Yanajaa kwa mvua iliyonyesha mbali, na mengi hushuka ndani ya saa chache. Zima gari, chomeka kijiti pale maji yanapoishia, subiri nusu saa. Maji yakikiacha kijiti, yanashuka, endelea kusubiri. Kijiti kikizama, nakuomba, geuza gari urudi ulikotoka ukalale.