Ujuzi Unaostaafu na Mwenye Nao

Kati ya mwaka 1975 na 1989, kiwanda cha Y-12 kilichoko Oak Ridge, Tennessee, Marekani, kilitengeneza kitu cha siri kiitwacho Fogbank, kinachotumika ndani ya silaha za nyuklia za W76. Uzalishaji ukakoma. Miaka ya 2000 silaha hizo zilipohitaji kukarabatiwa ili zidumu zaidi, ikabainika kuwa ujuzi wa kukitengeneza ulikuwa umepotea. Ripoti ya wakaguzi wa serikali ya Machi 2009 ilisema kumbukumbu zilizowekwa zilikuwa chache, na karibu wataalamu wote walikuwa wamestaafu au kuondoka. Tatizo hilo liligharimu dola milioni 69 na kuuchelewesha mradi kwa angalau mwaka mmoja.

Kisa hakikuishia hapo. Fogbank mpya ilipopatikana, ubora wake ulikuwa na kasoro. Uchunguzi ukaonyesha kuwa malighafi ya zamani ilikuwa na uchafu fulani, na uchafu huo ulihitajika. Usafishaji wa kisasa ulikuwa ukiuondoa. Watengenezaji wa awali hawakujua kuwa una kazi yoyote, kwa hiyo hata wangeandika yote waliyoyajua, jambo hilo lisingekuwamo.

Maarifa ya taasisi, basi, yana matabaka matatu: yaliyoandikwa, yaliyo kichwani na mikononi mwa mtu, na yaliyojificha ndani ya utendaji wenyewe. Tabaka la pili si dogo. Miaka ya 1970 mwanasosholojia Mwingereza Harry Collins alifuatilia maabara zilizojaribu kuunda aina mpya ya leza. Hakukuta hata moja iliyofaulu kwa kusoma machapisho tu, bila kukutana na waliokwisha kuiunda.

Si kila ujuzi unastahili gharama ya kulindwa. Ili kubaini ulio muhimu, anza na kazi kabla ya kutazama watu. Kazi ipi ikisimama wiki moja, mishahara haitoki au maji hayawafikii wateja? Wangapi wanaimudu bila kuelekezwa? Mgeni atahitaji muda gani kuifahamu? Mwenye nayo ataondoka lini? Swali hili la mwisho mara nyingi lina jibu tayari: kwa watumishi wengi wa umma Tanzania na Kenya, umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na tarehe za kuzaliwa zimo kwenye mafaili. Kazi nzito inayomtegemea mtu mmoja aliyebakiza miaka miwili ndiyo ya kushughulikiwa kwanza.

Cheo hakisaidii sana katika utafutaji huu. Mwenye ujuzi huo anaweza kuwa fundi wa pampu au karani wa masjala. Uliza wafanyakazi ni nani hupigiwa simu hata akiwa likizo, na jina lake litatajwa haraka.

Kila tabaka lina kinga yake. Nyaraka zieleze hatua pamoja na sababu zake, kwa kuwa aliyeachiwa hatua tupu hatajua ipi inaweza kubadilishwa bila madhara. Ujuzi wa mikononi hurithiwa kwa kufanya kazi pamoja: mrithi ashike zana huku mzoefu akitazama, kisha mzoefu aende likizo na simu yake isipigwe. Yatakayomshinda mrithi ndiyo masomo yaliyobaki, na bado mwalimu yupo. Kwa tabaka la tatu, hifadhi sampuli na vipimo vya malighafi, na kila mnapobadilisha mashine au msambazaji, linganisheni zao jipya na la zamani.

Tangu toleo la 2015, kiwango cha ISO 9001 kinaitaka taasisi ibainishe na kutunza maarifa inayoyahitaji katika shughuli zake. Hata hivyo, ofisi nyingi husubiri makabidhiano ya wiki ya mwisho, ambayo huhamisha funguo, nywila na mafaili tu.

Kuna kikwazo kingine. Anayejua peke yake hujiona salama kazini, na kumfundisha mwenzake kunaweza kumfanya ahisi anajiondoa mwenyewe. Menejimenti inayotaka ujuzi huo ubaki iuingize ufundishaji katika tathmini ya utendaji, iulipie, na iutengee saa za kazi. Ukiachwa uwe hisani, utafanyika pale tu mwenye ujuzi atakapopenda.