Alama ya Kuuliza Haikuingia Kwenye Mfumo

Enzi za karatasi, daktari mwenye mashaka alikuwa na alama yake. Aliandika "? fangasi" au "? upele", akaagiza dawa, akamwambia mgonjwa arudi baada ya wiki mbili. Alama ile ilisema mengi: ngozi nimeiona, jina nalikisia, tutajua mbele ya safari. Kisha zikaja kompyuta. Orodha ya magonjwa inayofunguka kwenye skrini ina fangasi, ina upele, ina ukurutu, haina "nadhani". Tabibu akishabofya, shaka yake inageuka ugonjwa wenye msimbo, na miaka kumi baadaye mtafiti aliye mbali anausoma kana kwamba umetoka maabara.

Ikizuka hoja ya usahihi wa majina ya magonjwa ya ngozi katika rekodi za vituo vya afya, wa kwanza kulaumiwa huwa ni macho ya daktari. Naona macho yanasingiziwa mno. Makosa mengi yanazaliwa baada ya macho kumaliza kazi yake.

Uingereza ndiko jambo hili limepekuliwa zaidi. Huko karibu kila mkazi ameandikishwa kwa daktari wa mtaa wake, na rekodi zilianza kuingia kwenye kompyuta miaka ya 1980. Daktari James Read wa Loughborough ndiye aliyebuni misimbo iliyotumika kwa miongo mitatu, hadi mfumo wa SNOMED CT ulipoanza kuirithi mwaka 2018. Ngozi ilipewa herufi M. M111 ni ukurutu wa mzio. M113 ni ukurutu wa kwenye mikunjo ya viungo. M12z1 ni ukurutu bila maelezo zaidi. Na daktari mwenye dakika kumi za kumwona mgonjwa, huku wengine wakikohoa nje ya mlango, hahitaji kushawishiwa sana kuuchagua huo.

Kazi yenyewe si ndogo. Mwaka 2006, karibu mtu mmoja kati ya wanne Uingereza na Wales alimwona daktari wake kwa tatizo la ngozi. Lakini ngozi haimlipi mwandishi. Tangu 2004 serikali huwaongezea madaktari hao malipo wakitunza vizuri orodha za wagonjwa wa kisukari, pumu, moyo na maradhi mengine kadhaa. Ukurutu haumo, soriasisi haimo. Si ajabu basi kwamba pumu ya kifuani inaandikwa kwa uangalifu, na ile ya ngozi inaandikwa kukiwa na nafasi.

Watafiti hawakukaa kimya. Waliotumia kanzidata ya Uingereza iitwayo THIN waliwaandikia madaktari wenyewe na kuwauliza: huyu uliyemwekea msimbo wa soriasisi, anayo kweli? Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kuwa tisa kati ya kumi walithibitishwa. Kwa ukurutu, utafiti wa mwaka 2017 ulidai zaidi: mgonjwa ahesabiwe tu akiwa na msimbo mmoja wa ukurutu pamoja na dawa zake zilizoandikwa angalau mara mbili. Kwa sharti hilo zaidi ya 80 kwa kila 100 walithibitishwa. Angalia walichofanya. Waliacha kuliamini jina peke yake, wakaita dawa ziwe shahidi.

Ni kazi nzuri, ila ina mambo mawili ya kutazamwa. La kwanza, aliyeulizwa ndiye aliyeandika. Ni kama kumwomba muuza nyama akague mizani yake mwenyewe. Anaweza kuwa mwaminifu kabisa, na mizani ikabaki mbovu.

La pili ni zito zaidi, na ndilo linalopita kimyakimya kwenye vichwa vya habari. Tuseme kijiji kina watu 1,000, na 100 kati yao wana ukurutu. Kwenye kompyuta wameandikwa 40, na kati ya hao 36 wanao kweli. Mtafiti atatangaza kuwa rekodi ni sahihi kwa asilimia 90, na hatakuwa amesema uongo. Wale 64 ambao hawakuandikwa ukurutu hawamharibii hesabu, kwa sababu hakuna aliyekwenda kuwatafuta. Wapo walioandikwa "aleji". Wapo walioandikwa "vipele". Wapo waliokwenda kwa daktari kwa kikohozi, wakaonyesha mkono wakati wanaaga, wakapewa krimu; dawa ikaandikwa na ugonjwa usiandikwe. Na wapo waliokwenda moja kwa moja dukani.

Hao wa dukani ndio wanaotuleta nyumbani. Chukua mtoto wa miaka sita, ana choa shavuni. Mama yake amempaka krimu ya betamethasone kwa wiki tatu, aliyouziwa duka la dawa bila cheti. Kuwasha kumepungua. Ule ukingo ulioinuka, unaopukutika magamba, ambao ndio kitambulisho cha fangasi, umefifia. Doa limetanuka na kusambaa, katikati kuna vijipele vya usaha. Sasa ndipo anafikishwa zahanati. Tabibu anayemtazama hauoni ugonjwa, anaona kazi ya krimu. Njia ya kujua ni kukwangua magamba kidogo kwa kisu, kuyatia tone la potasiamu haidroksaidi na kuyatazama kwa hadubini. Hilo ni jambo la dakika chache, palipo na hadubini, kemikali na mtu wa maabara asiyezidiwa na vipimo vya malaria. Mahali pengi kinachopatikana ni orodha kwenye skrini, na mtoto anatoka na "ukurutu", na krimu nyingine ya jamii ileile.

Kitabu cha wagonjwa wa nje cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya nchini Tanzania, hakikukusudiwa kutatua fumbo hilo. Kazi yake ni kuhesabu, na magonjwa ya ngozi yamewekewa makundi machache mapana. Kenya, fomu ya MOH 705 ina mstari mmoja wa magonjwa ya ngozi, ingawa funza wamepewa mstari wao. Kuhamisha makundi hayo kutoka daftarini hadi kwenye kompyuta kumeharakisha ripoti. Hakukuifanya ngozi isomeke vizuri zaidi.

Kuna pia bima. Dai hurudishwa dawa isipooana na ugonjwa uliojazwa, kwa hiyo mara nyingine jina la ugonjwa huchaguliwa kwa kuitazama dawa. Kumbuka dawa ndiyo iliyoitwa kuwa shahidi huko Uingereza. Huku shahidi na mshtakiwa wamepanda basi moja kuja mahakamani.

Rangi nayo ina sehemu yake. Vitabu vingi vya tiba vimeeleza uvimbe wa ngozi kwa wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huja kama zambarau, kijivu, au weusi uliokolea tu, na ukurutu wenyewe hupenda kutokea kama vijipele kwenye vinyweleo. Aliyefundishwa kwa picha za Ulaya ataandika "vipele" na kuendelea na foleni.

Wapo waliojaribu kuirudishia shaka heshima yake. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza upele kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na mwaka 2020 wataalamu wa kimataifa walichapisha vigezo vya kuutambua kwa ngazi tatu: uliothibitishwa, yaani kimelea, mayai au kinyesi chake kimeonekana kwa kifaa; unaotambuliwa kwa dalili; na unaoshukiwa. Ngazi tatu tu. Kuziweka kwenye programu yoyote ya hospitali ni kuongeza kisanduku kimoja pembeni ya jina la ugonjwa. Sijasikia sababu ya kitaalamu ya kushindwa kufanya hivyo. Nimesikia kwamba fomu tayari ni ndefu, na hilo nalikubali.

Watu wa kukagua tunao. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimekuwa kikiwafundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992, na wahitimu wake wako hadi hospitali za wilaya. Mmoja wao akipewa majina mia ya walioandikwa "ukurutu" na mia nyingine ya watu wasioandikwa chochote, akawatazama ngozi wote bila kuambiwa nani ni nani, tungepata jibu ambalo barua kwa madaktari haiwezi kulitoa. Ugumu utakuwa kuwapata hao mia wa pili. Asiyejiona mgonjwa hapandi daladala kwenda kuonyesha mgongo, na nambari ya simu iliyo kwenye mfumo mara nyingi ni ya shemeji.