Je, Wajua? Mnyoo wa Matende Hutuliza Kinga ya Mwili

Ukitaka kumwona, kesha. Katika vijiji vya mwambao wa Tanga, watafiti wa matende na mabusha hutoboa watu vidole kati ya saa nne na saa nane usiku. Mchana vimelea wachanga hujificha kwenye mishipa ya mapafu. Usiku hutoka hadi kwenye damu ya karibu na ngozi kumngoja mbu. Weka tone la damu mbichi chini ya hadubini: utaona kijiuzi cha takriban robo milimita kikijinyonganyonga, kikizipiga kumbo chembe nyekundu.

Mama yake, mwenye urefu wa sentimita 8 hadi 10, huishi kwenye mirija ya limfu kwa miaka 5 au zaidi. Mwiba mdogo ukikuchoma, mahali pale huvimba na kutunga usaha. Mbona mgeni mrefu kuliko kidole anaachwa akae?

Anatuliza walinzi. Molekuli anazozitoa huzifanya seli za kinga kuachia interlukini-10, kemikali ya kupoza mapambano, na seli T dhibiti, zinazowazuia wenzao wasipitilize, huongezeka. Ndiyo maana wengi wenye vimelea hivi hawana dalili yoyote ya nje.

Sasa mtazame mama mwenye baridi yabisi. Kwake breki hizo za kinga zimelegea, na kinga inayashambulia maungio yake mwenyewe. Alfajiri vidole vimekakamaa, hawezi kukuna nazi wala kukamua tui mpaka jua lipande.

Mwaka 1968 daktari Brian Greenwood, aliyefanya kazi Nigeria, aliandika kwamba magonjwa ya kinga kujishambulia yalikuwa nadra huko, akahisi vimelea ndio sababu. Baadaye, huko Uskoti, watafiti William na Margaret Harnett walichunguza ES-62, protini inayotolewa na mnyoo wa jamii moja na huyu wa matende, anayeishi kwenye wanyama wa jamii ya panya. Panya wa maabara waliodungwa protini hiyo walipungukiwa na uvimbe wa maungio. Watafiti hao wakaunda molekuli ndogo za kuiiga, ambazo bado ziko maabara.

Breki nyingine tayari ni dawa. Abatasepti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005, imetengenezwa kwa kuiga CTLA-4, molekuli ya mwili wetu wenyewe inayozizuia seli T. Na mwaka 2025 Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi walipata Tuzo ya Nobel kwa kuzifumbua seli T dhibiti.

Hata hivyo, asitokee mtu wa kumfuga mnyoo huyu. Aliyewahi kumwosha mzazi wake mguu wa matende, mkunjo kwa mkunjo, anajua gharama ya utulivu anaouleta. Kingatiba ikifika kijijini, meza. Na vidole vikikakamaa kila asubuhi kwa wiki kadhaa, wahi hospitali, maana ungio likishaliwa halirudi. Mnyoo na aondoke. Siri ya breki zake itufae sisi.