Faini ya Kitabu Kilichochelewa: Kompyuta Huihesabuje?

Wakati wa masika, mwanafunzi wa Kirua Vunjo aliyeazima kitabu katika maktaba ya mjini Moshi aweza kukaa siku nyingi bila kuteremka. Mvua hainyamazi, njia ni utelezi mtupu, na nauli ya kwenda na kurudi si haba. Afikapo hatimaye, mkutubi huelekeza chombo kidogo chenye mwanga kwenye alama ya mistari iliyobandikwa kitabuni, na mara kioo cha kompyuta huonyesha faini. Kiasi hicho kimetoka wapi? Na je, ni cha haki?

Katika maktaba zitumiazo daftari na muhuri wa tarehe, mkutubi huhesabu siku kwa kutazama kalenda ya ukutani. Kompyuta haina macho ya kutazama ukuta. Kazi hiyo hiyo huifanya kwa hatua tatu.

Tarehe hugeuzwa nambari

Hatua ya kwanza ni kutoa. Kutoa tarehe moja katika nyingine si jambo rahisi, kwa kuwa miezi haina urefu mmoja. Kwa hiyo kila siku hupewa nambari, mfululizo, kuanzia siku moja iliyochaguliwa. Mwanzo utumikao sana katika kompyuta ni tarehe 1 Januari 1970, ambayo ni siku ya 0. Kwa hesabu hiyo, tarehe 23 Aprili 2024 ni siku ya 19,836, na tarehe 6 Mei 2024 ni siku ya 19,849. Kitabu kilichotakiwa kurudi tarehe ile ya kwanza, kikarudi ile ya pili, kimechelewa siku 13.

Hatari ya kuandika tarehe vibaya ilidhihirika Januari 2000. Programu nyingi za zamani ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, hata 2000 ukawa 00, sawa na 1900. Mteja mmoja wa duka la kukodisha kanda za video huko Colonie, katika jimbo la New York, alidaiwa dola 91,250 kwa kanda moja, kwa kuwa mashine ilidhani ameikawiza miaka 100. Hofu ya mwaka huo ndiyo iliyozifanya maktaba za Horowhenua, New Zealand, ziagize programu mpya mwaka 1999. Programu hiyo iliitwa Koha, neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Na kweli ilitolewa bure kwa ulimwengu mzima. Leo hutumiwa hata katika vyuo vikuu vya Tanzania.

Kalenda ya maktaba

Hatua ya pili ni kuondoa siku ambazo maktaba ilifungwa. Ichukuliwe kuwa maktaba hufungwa Jumapili na sikukuu. Katika zile siku 13 mna Jumapili mbili, tarehe 28 Aprili na 5 Mei. Mna Sikukuu ya Muungano, 26 Aprili. Na Sikukuu ya Wafanyakazi, 1 Mei. Zinabaki siku 9.

Lakini kompyuta haizijui sikukuu hizo mpaka iandikiwe. Idd el-Fitri hutegemea kuandama kwa mwezi. Mkutubi akisahau kuiandika, mashine itamtoza msomaji kwa siku ambayo mlango ulikuwa na kufuli.

Kanuni ya malipo

Hatua ya tatu ni kuzidisha. Tuseme faini ni shilingi 200 kwa siku, nazo siku 2 za kwanza ni za msamaha. Ikiwa msamaha hutolewa kwa kila mtu, zinahesabiwa siku 7, na faini ni shilingi 1,400. Ikiwa hutolewa kwa yule tu arudishaye ndani ya siku hizo 2, zinahesabiwa zote 9, na faini ni shilingi 1,800. Na ikiwa maktaba haikuagiza siku za kufungwa wala za msamaha ziondolewe, faini ni shilingi 2,600. Mwanafunzi ni yule yule, kitabu ni kile kile, faini ni tatu, na kila moja imehesabiwa sawasawa! Mwishoni programu huangalia kikomo, ambacho mara nyingi ni bei ya kitabu, ili deni lisikue bila mpaka.

Ni dhahiri basi kwamba kompyuta haiamui haki. Hutekeleza kanuni zilizowekwa na watu, wala haijui kwamba masika ya mwaka 2024 yalikuwa mazito kupita kiasi. Ndiyo maana programu humwachia mkutubi uwezo wa kuongeza muda na wa kufuta faini. Maktaba za umma za Chicago zilikwenda mbali zaidi: mwaka 2019 zilifuta faini za kuchelewa, kwa kuona kwamba zinawafukuza wasomaji maskini. Msomaji aonaye faini kwenye kioo asiulize tu kama hesabu ni sahihi; aulize pia ni kanuni gani iliyotumika, na nani aliyeiweka.

Zoezi kwa wanafunzi: Kitabu kilitakiwa kurudi Ijumaa, 20 Desemba 2024, kikarudi Jumatatu, 6 Januari 2025. Ondoa Jumapili zote, tarehe 25 na 26 Desemba, na tarehe 1 Januari. Je, zinabaki siku 11?