Oksimita inasema 94: Kwa nini namba hiyo inaweza kukudanganya ukiwa na ngozi nyeusi

Kile kidude kinachobana kidole na kukupa namba kama 97 au 94 kinaitwa oksimita. Kazi yake ni kuonyesha damu yako imebeba oksijeni kiasi gani. Tangu janga la Uviko-19 kimekuwa kitu cha kawaida kabisa: kipo wodini, kipo chumba cha upasuaji, kinauzwa maduka ya dawa, na hata waongoza wageni wanaopandisha watu Mlima Kilimanjaro wanatembea nacho.

Lakini wengi hawajui kwamba kidude hiki hakipimi oksijeni moja kwa moja. Kinaangaza mwanga kwenye kidole, kinanasa wimbi dogo sana la mapigo ya moyo, halafu kompyuta iliyo ndani yake inapiga hesabu na kukadiria.

Na makadirio hayo hukosea mara nyingi zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Mbaya zaidi, kosa lenyewe huwa ni la kumpa mgonjwa namba nzuri kuliko hali yake halisi. Yaani mtu anaishiwa oksijeni, huku kioo kinasema yuko salama.

Ilikuwaje kifaa kinachotumika dunia nzima kikawa na kasoro kama hii?

Taa mbili, sensa moja

Ukikifungua kidude hicho utakuta taa mbili ndogo za LED upande mmoja, na sensa ya mwanga upande wa pili. Taa moja ni nyekundu, ina urefu wa wimbi wa nanomita 660 hivi. Nyingine ni ya infraredi, karibu nanomita 940, ambayo macho ya binadamu hayaioni.

Himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu, hubadilika rangi kulingana na mzigo wake. Ikiwa imebeba oksijeni huacha mwanga mwekundu mwingi upite. Ikiwa haina, huunyonya. Kwa mwanga wa infraredi mambo huwa kinyume chake.

Kwa hiyo ukilinganisha mwanga uliopita wa aina zote mbili, unaweza kukadiria ni asilimia ngapi ya himoglobini imebeba oksijeni.

Tatizo ni kwamba kidole si damu tupu. Kuna ngozi, mfupa, nyama, kucha, na damu ya mishipa ya vena inayorudi kwenye moyo. Vyote hivyo vinakula mwanga. Utajuaje ni kiasi gani kimeliwa na damu ya ateri peke yake?

Kelele iliyogeuka kuwa jibu

Jibu lilipatikana Japani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mhandisi Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden alikuwa akishughulika na jambo jingine kabisa. Alitaka kupima kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kwa kuingiza rangi kwenye damu na kuifuatilia kwa mwanga sikioni.

Kila mara mapigo ya moyo yalimharibia grafu yake. Mstari ulikuwa unapanda na kushuka. Kwake ilikuwa ni kelele tu, kitu cha kuondoa.

Baadaye akang'amua kwamba kelele ile ndiyo ilikuwa na thamani. Moyo unapodunda, ni damu ya ateri inayojaa na kupungua. Ngozi haidundi. Mfupa haudundi. Kwa hiyo ukichukua ile sehemu ya mwanga inayopanda na kushuka tu, umeitenga damu ya ateri na vitu vingine vyote.

Wazo hilo aliliwasilisha mwaka 1974, na hadi leo oksimita zote zinafuata msingi huo. Aoyagi alifariki dunia Aprili 2020, wakati dunia nzima ikigombania kifaa chake kwa ajili ya wagonjwa wa Uviko-19.

Ila kuna gharama. Ile sehemu inayodunda ni ndogo mno, mara nyingi asilimia 1 au 2 tu ya mwanga wote unaofika kwenye sensa. Ni kama kusikiliza mtu ananong'ona katikati ya soko. Hapo ndipo inapoingia taaluma ya uchakataji wa mawimbi: hesabu na programu za kuutoa huo mnong'ono kwenye zogo.

Kidole kikitikisika, namba inaruka

Mnong'ono huo unapotea kirahisi. Mgonjwa akitetemeka, mtoto akirusha mkono, au vidole vikiwa vya baridi, sensa inapata mawimbi mengine yanayofanana na mapigo.

Katika hesabu, kelele inayogusa taa zote mbili sawasawa huvuta uwiano wa mwanga kuelekea 1. Kwa oksimita za kawaida, uwiano wa 1 hutafsiriwa kuwa takriban asilimia 85.

Maana yake ni kwamba mtu mwenye oksijeni ya 97 akitikisa mkono, kifaa kinaweza kushuka na kupiga kelele za hatari bure. Na mwenye 75 akitikisika, kifaa kinaweza kupanda na kuficha hatari.

Mwaka 1989 Joe Kiani alianzisha Marekani kampuni ya Masimo, iliyokuja kujulikana kwa teknolojia ya kuchuja kelele hizo. Kanuni inafanana na ile ya hedifoni zinazozima kelele za nje: programu inajifunza umbo la kelele lilivyo kwa wakati huo, halafu inalitoa kwenye wimbi.

Tatizo la kutikisika likapungua sana. Tatizo la ngozi likabaki.

Namba 94 inatoka wapi hasa?

Baada ya kusafisha wimbi, kompyuta hubaki na uwiano: mapigo ya mwanga mwekundu ukilinganisha na ya infraredi. Uwiano huo si asilimia ya oksijeni. Lazima utafsiriwe.

Tafsiri inafanywa kwa jedwali lililowekwa kiwandani. Ili kulipata, watengenezaji huchukua watu wazima wenye afya waliojitolea, wanawavutisha hewa yenye oksijeni kidogo kidogo hadi viwango vyao vishuke kuelekea asilimia 70, na wanachukua damu ya ateri kila hatua. Kipimo cha damu maabara kinalinganishwa na uwiano wa mwanga. Huko ndiko jedwali linakozaliwa.

Chini ya 70 hawashuki, kwa usalama wa waliojitolea. Namba za chini ya hapo ni za kukisia zaidi.

Sasa jiulize: hao waliojitolea walikuwa na ngozi ya rangi gani?

Mwongozo wa mwaka 2013 wa FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, ulitaka angalau watu 10. Kati yao, wenye ngozi nyeusi wawe angalau 2, au asilimia 15 ya wote, kutegemea ipi ni kubwa. Watu wawili wanatosha kupitisha kifaa kitakachotumika kwa mamilioni.

Kwa nini ngozi inaingilia?

Kinadharia haikupaswa kuingilia. Melanini, kitu kinachoipa ngozi weusi wake, haidundi na moyo. Kwa mantiki ya Aoyagi, ilitakiwa ijifute yenyewe kwenye hesabu.

Katika uhalisia mambo hayako safi hivyo. Kwanza, taa ya LED haitoi urefu mmoja tu wa wimbi, inatoa mkusanyiko wa mawimbi yaliyo jirani. Melanini hula zaidi mawimbi mafupi kuliko marefu, hivyo mwanga unaofika kwenye damu unakuwa umebadilika kidogo ukilinganisha na ule uliotengenezewa jedwali.

Pili, melanini ikila mwanga mwingi, unaofika kwenye sensa unapungua. Kelele ya umeme ndani ya kifaa iko palepale, lakini mnong'ono umezidi kuwa mdogo. Kama vidole navyo ni vya baridi na damu haifiki vizuri, hali inakuwa mbaya zaidi.

Michigan: wagonjwa waliofichwa na namba

Desemba 2020 timu ya Michael Sjoding wa Chuo Kikuu cha Michigan ilichapisha matokeo yake kwenye jarida la tiba la New England Journal of Medicine. Walichukua vipimo vya oksimita na vya damu ya ateri vilivyofanyika karibu wakati mmoja, jozi 10,789, kutoka kwa wagonjwa wazungu 1,333 na weusi 276 wa hospitali ya chuo hicho.

Waliangalia pale ambapo oksimita ilisema 92 hadi 96, namba ambazo kwa kawaida hazimtii daktari wasiwasi mkubwa. Kisha wakauliza: ni mara ngapi damu yenyewe ilikuwa chini ya 88?

Kwa wazungu ilikuwa asilimia 3.6. Kwa weusi, asilimia 11.7. Tofauti ya karibu mara tatu.

Mwaka 2022, utafiti ulioongozwa na Ashraf Fawzy wa Johns Hopkins ulionyesha athari yake wodini: wagonjwa weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini waliougua Uviko-19 walichelewa kutambuliwa kuwa wanahitaji matibabu, kwa sababu oksimita ilizidisha namba zao.

Na haikuwa habari mpya. Mwaka 1990 madaktari Amal Jubran na Martin Tobin waliripoti Marekani kwamba makosa makubwa ya oksimita yalitokea zaidi kwa wagonjwa weusi waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Mwaka 2005 watafiti wa California, San Francisco, wakaonyesha kuwa kosa hukua kadiri oksijeni inavyoshuka. Ilichukua miaka 30 na janga la dunia ili suala hilo lishughulikiwe kwa uzito.

Hatari inapohamia nyumbani

Hospitalini kuna muuguzi anayekuangalia usoni. Nyumbani kuna namba tu.

Wakati wa janga, Uingereza iliwapa wagonjwa oksimita wajipime wenyewe nyumbani. Waliambiwa ikifika 92 au chini, watafute huduma ya dharura. Lakini ukirudi kwenye utafiti wa Michigan, utaona ni juu kidogo ya mstari huo ndiko wagonjwa weusi walikokuwa wakifichwa zaidi.

Saa janja nazo zimeingia kwenye mchezo. Nyingi hazipitishi mwanga kidoleni bali zinaurudisha kutoka kwenye kifundo cha mkono, ambako wimbi la mapigo ni dhaifu zaidi. Nyingi pia zinauzwa kama vifaa vya mazoezi, si vya tiba.

Kisha kuna safari ya data. Oksimita za Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yaleyale yanayotumiwa na ruta nyingi za Wi-Fi. Kukiwa na msongamano, data huchelewa au kukatika. Na ili kuokoa chaji, vifaa vingi hutuma namba peke yake bila wimbi zima, hivyo daktari aliye mbali hawezi kuona kama wimbi lenyewe lilikuwa safi. Ndiyo maana watafiti wanataka kifaa kitume pia alama ya ubora wa wimbi, ili namba mbovu ijulikane kabla ya kuaminiwa.

Basi tuzitupe?

Hapana. Bila oksimita hali ni mbaya zaidi, kwa sababu macho hayaoni upungufu wa oksijeni mapema, na kwenye ngozi nyeusi ule ubluu wa midomo ni mgumu zaidi kuuona.

Oksimita ni moja ya vitu vilivyomo kwenye orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Hospitali ya Mtakatifu Fransis, Ifakara, Tanzania, ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani zilizoijaribu orodha hiyo. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha vifo baada ya upasuaji katika hospitali hizo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Kinachotakiwa ni vifaa bora, na hapo kuna mwendo. Machi 2024 Uingereza ilichapisha ripoti ya tume iliyoongozwa na Margaret Whitehead kuhusu upendeleo kwenye vifaa tiba, na oksimita ilikuwa mfano mkubwa. Januari 2025 FDA ikatoa rasimu inayotaka vifaa vijaribiwe kwa watu 150 au zaidi, huku rangi za ngozi zikipangwa kwa kipimo cha Monk chenye ngazi 10.

Kwa nchi zinazonunua vifaa hivi kutoka nje, swali la kumuuliza muuzaji ni rahisi: mlikijaribu kwa watu wa ngozi gani, na wangapi?

Ukijipima, kumbuka haya

- Futa rangi ya kucha kwanza. Piko nyeusi iliyokolea nayo inaweza kuzuia mwanga, tafuta kidole kisicho nayo.
- Pasha mikono joto, kaa, tulia. Subiri namba itulie ndipo usome.
- Usitegemee kipimo kimoja. Andika namba kila siku na uangalie mwelekeo. Kushuka kutoka 98 hadi 94 kuna maana hata kama 94 yenyewe haitishi.
- Angalia dalili. Ukihema kwa shida, kifua kikibana, midomo au fizi zikibadilika rangi, au mgonjwa akichanganyikiwa, nenda hospitali hata kama kioo kinaonyesha 96.
- Hospitalini, kama hali yako na namba haviendani, una haki ya kuuliza kama kipimo cha damu ya ateri kinawezekana.